Mgeni wa wiki 4 au wa mwaka mzima? Nimekaa na wote hapa Tanga

Jirani yangu alikuja juzi jioni na swali, tukakaa barazani mpaka isha ikaadhiniwa hatujamaliza, nikaona bora niliandike kabisa maana najua sio yeye peke yake analo. Shule anayosoma mwanae inapokea wazungu wa kujitolea, mavolontia, wanaokuja kufundisha Kiingereza, na mwalimu mkuu kamuomba ampokee mmoja akae kwake kama mtoto wa nyumbani. Kapewa achague. Kuna binti anakuja mwezi wa 7 kwa wiki 4, na kuna kijana anakuja mwezi wa 9 anakaa mwaka mzima. Chumba ni hikohiko kimoja, hela ya chakula kwa siku ni ileile. Sasa achukue yupi?

Mie nimepokea 6 ndani ya miaka 9, wanne wa muda mfupi na wawili wa mwaka, na kazi yangu ni ualimu wa Kiingereza shule ya msingi kwahiyo hawa watu nimewaona mezani kwangu na nimewaona darasani kwangu. Nitasema nilichokiona huku na huku bila kuficha, halafu kila mtu apime na nyumba yake.

Tanga wanatuita waja leo waondoka leo. Wazee wangu walikuwa wanausema huo msemo kwa fahari, na kila mtu ana maana yake anayoipa, ila mie kila nikimsindikiza stendi mgeni wa wiki 3 naukumbuka kwa maana yake ya wazi kabisa, kaja leo kaondoka leo. Na hapo ndo lilipo swali lote la jirani yangu.

Kwanza tuelewane ni watu gani hawa maana wanachanganywa sana. Wa mwaka mara nyingi wanakuja kwa programu kubwa zenye serikali nyuma yake. Vijana wa Kijerumani wengi wanaokuja huku ni wa weltwärts, ilianza 2008, ni ya vijana wa miaka 18 mpaka 28, wanaruhusiwa kukaa kati ya miezi 6 na 24 ila wengi wanakaa mwaka, na sehemu kubwa ya gharama inabebwa na serikali yao. Wamarekani wa Peace Corps hao ni wa siku nyingi kabisa, shirika limeanzishwa 1961 na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kupokea watu wao, wenyewe wanatumikia miaka 2, na kabla hawajapelekwa kituoni wanawekwa kwanza kwenye familia za huku wajifunze Kiswahili na maisha. Wa muda mfupi ni habari nyingine, wengi ni wanafunzi wa chuo wako likizo au watu wazima wamechukua ruhusa kazini, na wanajilipia wenyewe kila kitu, nauli, kampuni iliyowaunganisha, mpaka chakula wanachokula kwako. Hilo la kujilipia ntalirudia kwenye hela.

Nianze na darasani maana ndo sababu ya wao kuja. Shida ya watoto wetu mnaijua ilipo. Shule ya serikali mtoto anasoma msingi yote kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja tu kwenye ratiba, halafu siku anaingia form one anakuta baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa ananyamaza. Nimekutana nao wanafunzi wangu wa zamani, watoto wenye akili kabisa, sokoni Ngamiani miezi miwili mitatu baada ya kuanza sekondari, nikiwauliza mnaendeleaje wananiambia mwalimu mie siku hizi sinyooshi mkono. Hilo neno linaniuma mpaka leo. Kwahiyo mzazi akisikia kuna mzungu anakuja kufundisha Kiingereza anaona mlango umefunguka, na ana haki ya kuona hivyo.

Sasa wa wiki 4 darasani anakuwaje. Wiki ya kwanza anashangaa na yeye anashangaliwa, watoto 80 wote wanataka kumshika nywele. Wiki ya pili anaanza kufundisha, anaimba nao, anacheza nao, anawachorea wanyama, na watoto wanafurahi kwelikweli, na hili silidharau hata kidogo kwa sababu mtoto aliyekuwa anaogopa kufungua mdomo siku hiyo anaufungua. Wiki ya tatu ndo anagundua kuwa walikuwa wanaitikia yes kwa kila kitu na hawajaelewa. Wiki ya nne anaaga, wanapigwa picha, wanaimbiwa. Mie nakuja nyuma yake nakuta mada imesimama mwezi mzima, kitabu hakijasogea, na mtihani wa muhula upo palepale. Anayefuata akija anaanza upya na wimbo uleule wa kichwa mabega magoti. Kuna mwaka darasa langu la tatu waliimbishwa huo wimbo na wageni watatu tofauti.

Halafu kuna la kalenda ambalo watu hawalifikirii kabisa. Likizo ndefu ya kwao ni ile ya kiangazi chao, mwezi wa 6 mpaka wa 8, na shule zetu zinafungwa mwezi wa 6 zinafunguliwa mwezi wa 7. Mgeni wangu wa pili alifika shule imefungwa, kampuni iliyomleta haikuuliza, akakaa kwangu wiki 3 ananisaidia kukuna nazi na kutembea Raskazone kuangalia bahari, akaingia darasani wiki 1 tu ndo akaondoka. Alilia yule binti. Alikuwa amechangisha hela kwa ndugu zake na kanisani kwao muda mrefu ili aje kufundisha, na angalau angeambiwa tarehe. Kwahiyo nilimwambia jirani yangu, huyo wa mwezi wa 7 kabla ya yote uliza anafika tarehe ngapi na shule inafunguliwa tarehe ngapi.

Wa mwaka naye nisimpambe. Miezi 3 ya mwanzo ni mzigo. Hajui Kiswahili, anaongea haraka, anaandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunga ambao watoto wetu hawausomi, darasa linamshinda kwa kelele anatoka analia. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia bora hata wa wiki 4 maana yule angalau anaondoka. Ukipokea wa mwaka jiandae kuwa mwezi wa pili na wa tatu utakuwa na mtu ndani ya nyumba mwenye huzuni, anajifungia chumbani, anaongea na mama yake kwenye simu usiku, na wewe unajiuliza nimemkosea nini. Hujamkosea. Kakumbuka kwao tu.

Ila subiri mwezi wa 5 na wa 6 wa kukaa kwake uone. Nitasimulia kitu kimoja kilichonifanya mie niegemee upande huu. Yule binti wa Ujerumani, wa mwaka, alikuwa kazoea kukaa jikoni na mama mkwe wangu wakichambua kisamvu. Siku hiyo mama mkwe anamsimulia habari za mtu, yeye alikuja, yeye akasema, yeye akaondoka, binti akamuuliza bibi huyo yeye ni mwanaume au mwanamke? Bibi akamjibu mwanangu si nimekwambia ni yeye. Binti akanyamaza, akaja mbio kwangu. Alikuwa na madaftari ya kusahihisha na tangu afike alikuwa anashangaa kwanini darasa zima linaandika my mother he is cooking, my brother she is tall, alidhani watoto hawasikilizi. Siku ile ndo akaelewa kuwa lugha yetu haimpi mtoto sababu yoyote ya kutenganisha, yeye ni yeye. Kesho yake aliingia darasani akawaambia kwa Kiswahili, Kiswahili kibovu lakini Kiswahili, kwamba Kiingereza ni lugha inayotaka kujua kila wakati kama unamsema baba au mama, akawapanga watoto wenyewe mistari miwili wavulana na wasichana, wakafanya wiki nzima. Mie nafundisha miaka mingi sikuwahi kulieleza hivyo, nilikuwa naweka alama ya kosa tu.

Na alikuja kugundua mengine kwa njia hiyohiyo. Mtoto wetu neno likiishia na konsonanti anaongeza kairabu mwishoni, bag inakuwa bagi, book inakuwa buku, kwa sababu ndivyo maneno yetu yalivyo. Mtu asiyejua Kiswahili anasikia kosa, mtu anayekijua anasikia sababu, na akishajua sababu anajua na dawa.

Hapa jirani aliniuliza, sasa Mjerumani atafundishaje Kiingereza na sio lugha yake? Nilikuwa na wasiwasi huohuo zamani. Lakini nimeshakuwa na Muingereza aliyezaliwa nacho na huyu aliyekisomea shuleni, na kwa wanaoanza huyu wa kukisomea alikuwa bora. Yule Muingereza ukimuuliza kwanini hapa tunaweka has na hapa have anakwambia ndivyo inavyosikika vizuri. Ukweli ndo huo kwake, ila mtoto wa darasa la 5 hana hilo sikio. Aliyejifunza kwa jasho anakumbuka mashimo yalipo. Kwa matamshi na kwa wanafunzi wa sekondari ambao tayari wanaongea, hapo Muingereza au Mmarekani ana faida, sibishi.

Haya turudi nyumbani. Kuna tofauti kubwa ambayo akina mama wenzangu wataielewa haraka. Wa wiki 4 anabaki mgeni mwanzo mpaka mwisho. Kila siku ni kama Idi, wali wa nazi, samaki wa kupaka, chapati, kuku, sahani za kabatini zinashuka, baba watoto anavaa shati kukaa sebuleni kwake mwenyewe, watoto wanakatazwa kupiga kelele. Mwezi mmoja unaweza kuubeba hivyo na una raha yake. Mwaka haubebeki. Wa mwaka lazima siku moja uamue kuwa leo tunakula bada na mchuzi wa dagaa kama ilivyo, na bada kwa asiyeizoea ni kazi, ule ugali wa muhogo unavutika, yule kijana wangu wa kwanza aliuangalia dakika nzima. Mwisho alikuwa anaudai. Wahenga walisema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na mgeni wa mwaka jembe anataka mwenyewe, ukimnyima ndo anajiona hajapokelewa. Kijana yule alikuwa anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, maji yakikatika anachukua dumu na wanangu wanaenda kwa jirani mwenye kisima, na siku niliyomtuma dukani peke yake akarudi na chenji sahihi na salamu za muuza duka alikuwa na furaha kuliko siku ya kwanza niliyompikia pilau.

Kwa hawa wote wawili, wa mfupi na wa mrefu, kuna vitu vya kusema siku ya kwanza bila aibu, usisubiri wakosee ndo ununie. Nguo za ndani kila mtu anafua zake, usimwachie binti wa kazi, hilo kwao hawalijui maana wanatumbukiza zote kwenye mashine. Shikamoo kwa mkubwa. Kaptula ni ya chumbani na ufukweni, ukitoka uani jifunge kanga au vaa suruali. Saa mbili ya kwetu ni saa nane ya kwao, mgeni wangu mmoja alikosa mkutano wa walimu kwa hilo tu. Pombe hapana nyumbani kwangu, na saa za kurudi jioni ni hizi. Na kama nyumba yako inafunga Ramadhani, mwambie kabla hajakubali kuja. Kwa wa mwaka Ramadhani haiepukiki, lazima imkute, na kusema kweli ndo mwezi walioupenda zaidi wote wawili, mmoja alijaribu kufunga siku 4, wote walikuwa wa kwanza mkekani wakati wa futari, mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Chakula cha mchana nilikuwa namfunikia mezani, anakula ndani kimyakimya, hakuna aliyekwazika. Wa wiki 4 akiangukia Ramadhani bila kujua anaona tu watu wamechoka mchana na shule imepoa.

Suala la viboko nalo lazima liongelewe kabla, maana limenivunjia amani mara mbili. Kanuni za adhabu ya viboko zinaruhusu shuleni, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa ruhusa na mkuu kwa maandishi, na visizidi 4. Ulaya mtoto hachapwi shuleni. Mgeni wa muda mfupi akiona fimbo siku ya tatu anapigwa na butwaa, anaandika mambo kwao, au anamfokea mwalimu mbele ya darasa, halafu anaondoka na wewe unabaki na yule mwalimu mnapishana koridoni mwaka mzima. Wa mwaka naye anaumia, pengine zaidi, ila anapata muda wa kukaa na walimu akazungumza. Binti wa Ujerumani alizungumza nao miezi, bila kufoka, na walimu wawili shuleni kwetu waliacha fimbo kabisa. Mmoja ni mie.

Sasa watoto wa nyumbani kwako, na hapa naomba wenye watoto wadogo wasome taratibu. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka 4 alipokuja mgeni wa kwanza wa muda mfupi. Akamzoea, analala mapajani kwake, anamwita dada, wiki ya 4 dada hayupo. Akalia siku 3. Akaja wa pili, ikawa vilevile. Wa tatu alipofika, mwanangu alimsalimia vizuri tu, akarudi kucheza, hakumuuliza jina. Mpaka yule mgeni anaondoka mtoto hakujua anaitwa nani. Hapo mimi na baba yake tuliangaliana, tukasema inatosha, hatupokei tena wa muda mfupi mpaka huyu akue. Wa mwaka kuondoka kwake kunauma zaidi siku ile, sikudanganyi, nyumba ilikuwa kama msiba, ila mtoto alikuwa ameandaliwa, alihesabu miezi, na mpaka leo wanapigiana simu ya video na Kiswahili cha yule binti kinazidi kunyooka.

Na kuna usalama wao hao watoto. Iwe wiki 4 iwe mwaka, omba barua ya polisi wa kwao inayoonyesha hana kesi za watoto, taasisi nzuri zinayo tayari, isiyokuwa nayo muulize kwanini. Mgeni analala chumba chake, watoto wanalala chao, na picha za watoto wa darasani hapigi akaziweka mtandaoni bila mzazi kujua. Wale wa kujitolea vituo vya yatima kwa wiki 2 au 3 mie siwapokei kabisa, watoto wale wameshaachwa mara moja, hawastahili kuachwa kila mwezi.

Hela. Mie nililipwa sh. 15,000 kwa siku kwa wa muda mfupi na kwa wa mwaka ikawa kwa mwezi, ukigawanya kwa siku inakuwa pungufu kidogo. Kwa karatasi wa muda mfupi anaonekana analipa. Ila hesabu vizuri, yule unamlisha kuku na unanunua maji ya chupa katoni kwa katoni kwa sababu tumbo lake halijazoea na hana muda wa kulizoeza, gesi inaisha mapema, luku inakimbia kwa feni usiku kucha. Wa mwaka anakunywa maji ya kuchemsha na anakula tunachokula. Kingine, wa muda mfupi analipa kampuni hela nyingi sana, nimeoneshwa risiti na mgeni mwenyewe, na kinachofika kwa familia na shule ni kidogo mno, mgeni hajui, anadhani wewe umepewa zote, kwahiyo anaweza kudai vitu kama yuko hotelini na hana kosa, kalipa. Ongea naye mapema kwa upole umwambie unapokea shilingi ngapi. Kwa wa mwaka tatizo letu lilikuwa kuchelewa, taasisi moja ilinicheleweshea miezi 2, nikamlisha kwa mshahara wangu. Omba makubaliano ya maandishi, tarehe ya malipo iwemo.

Ugonjwa uuweke kwenye hesabu pia. Wa wiki 4 mara nyingi anaondoka na tumbo la kuharisha tu. Wa mwaka wa kwangu wote wawili walipata malaria, mmoja saa 8 usiku, homa inapanda, bajaji tukaitafuta kwa simu, na hospitali dirishani bima ya kwao haijulikani, unalipa taslimu halafu anarudishiwa baadae na bima yake. Uwe na akiba ya siku hiyo, na namba ya mtu wa taasisi anayepokea simu usiku. Nilikaa naye mpaka asubuhi nimemshika mkono, mama yake yuko kwenye simu upande wa pili anamsikia akipumua.

Vibali ntapita haraka. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufundisha, hata kama ni bure. Wa mwaka anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, ndo kinachotolewa kwa wanaojitolea, wanafunzi na watafiti, na wa muda mfupi naye anatakiwa awe na ruhusa yake ya uhamiaji. Wa mwaka kwa kawaida taasisi inashughulikia. Wa muda mfupi ndo wanaokuja na viza ya utalii wakiambiwa hakuna shida, na maafisa wakija shuleni shida inakuwa ya shule na ya mwenye nyumba. Usipokee bila kuona karatasi. Na siku akifika mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa akaandikwe, inachukua nusu saa.

Msije mkadhani nawakataa wa muda mfupi wote. Mgeni wangu wa nne wa muda mfupi, mwanangu akiwa ameshakua, alikuwa mama wa miaka 60 na kitu kutoka Uingereza, mwalimu mstaafu, wiki 3 tu, na zilikuwa wiki 3 bora kuliko zote ambazo mgeni yeyote aliwahi kutupa. Kwa sababu hakufundisha watoto. Alikaa na sisi walimu 7 kila siku baada ya vipindi, akatuuliza mnafundishaje kusoma, akatusikiliza, halafu akatuonesha jinsi ya kufundisha kwa sauti za herufi badala ya majina ya herufi, tukatengeneza kadi kwa maboksi ya dukani, na kadi zile ziko kabatini kwangu mpaka leo nazitumia kila Januari. Alikuwa anakula taratibu, anaoga mapema, jioni anakaa barazani na mama mkwe hawana lugha moja na wanacheka. Alipoondoka hakuna mtoto aliyeachwa njiapanda, kazi ilibaki kwetu sisi ambao hatuondoki. Wa muda mfupi akiwa mwalimu wa kweli na akija kwa walimu, mchukue, usifikirie mara mbili. Wa muda mfupi wa miaka 19 asiyewahi kusimama mbele ya darasa, hapo fikiria sana.

Mdogo wangu kaolewa Bagamoyo na yeye ananibishia. Kule wageni wanakuja na kuondoka kila siku, wengine wanajifunza ngoma na kuchonga pale TaSUBa, chuo cha sanaa, Dar ni jirani tu, na nyumba zao zimezoea sura mpya. Yeye anapokea wa wiki 2 wiki 3, asubuhi wanaenda kusaidia Kiingereza shuleni, jioni ngoma, na wanae wakubwa wote wako sekondari, wanapiga nao Kiingereza mezani mpaka usiku. Anasema kila mgeni ana lafudhi yake, leo Muirishi, kesho Mkanada, na wanae masikio yamefunguka. Namwelewa. Watoto wa form two na form three wanafaidika kwa mazungumzo tu, hawahitaji mtu akijua Kiswahili, na hawalilii mtu akiondoka. Nyumba yake na nyumba yangu sio moja.

Kuna faida moja ya wa mwaka ambayo wengi hawaijui, nayo ni kwamba ile weltwärts tangu 2013 ina na upande wa kurudi, vijana wa nchi zetu nao wanaenda kujitolea Ujerumani na kuishi huko mwaka. Sio ahadi kwamba ukipokea mgeni mwanao anaenda, hapana, ila taasisi za huku zinazopokea Wajerumani ndo mara nyingi zinazojua njia hiyo, na ukikaa na mtu mwaka unasikia mapema.

Basi nilimuuliza jirani yangu mambo haya. Mwanao mdogo ana miaka mingapi? Mitano. Mkubwa yuko wapi? Darasa la 6, sekondari inakaribia. Baba yao yuko nyumbani au safarini? Nusu ya mwezi yuko na gari Arusha. Shule inataka mgeni akafundishe watoto au akae na walimu? Watoto. Una akiba ya usiku mmoja wa hospitali? Akafikiri, akasema ipo kidogo kwenye kikoba. Na mtu akikaa chumbani analia mwezi wa pili utamvumilia? Akacheka akasema mie nimelea wadogo zangu watano.

Nikamwambia kwa hali hiyo mie ningechukua wa mwaka, ila huyo binti wa mwezi wa 7 asitupwe, mwalimu mkuu amtafutie nyumba isiyo na watoto wadogo, na wamuweke na form two kwenye shule ya sekondari ya jirani wapige naye mazungumzo wiki zake 4, shule zikiwa zimefunguliwa.

Jana kaniambia kakubali. Kijana anafika mwezi wa 9, chumba wameanza kukipaka chokaa, na ameomba nimwazime ile neti yangu ya kuning'iniza kwa duara na mbuzi ya pili ya kukunia nazi.